Sekunde Tisini za Hewa Safi

Kibaigwa, saa mbili asubuhi. Fuso la kwanza
limekwisha kutapika magunia uwanjani,
na vumbi la Ugogo, lisilongoja jua,
limekalia kope za wapagazi.
Nafungua begi. Natoa kisanduku cha njano,
kidogo kuliko redio ya mchunga ng'ombe.
Ndani yake mna pua nane.

Pua, nasema, kwa kukosa neno.
Ni vichwa vya pini vilivyopakwa madini,
vikapashwa moto ili vionje hewa,
na kila kimoja kina ulafi wake:
hiki hushtuka kwa pombe, hiki kwa amonia,
na cha sita kwa kitu ambacho hata mwalimu wangu
alikiita tu "kile cha cha sita."

Mwaka mzima tulikifundisha chumbani:
hii karanga nzima, hii karanga mbovu,
hii iliyolala juu ya sakafu mbichi,
hii iliyovunwa mvua ingali uani, mgeni asiyeaga.
Sumu yenyewe haina harufu.
Kinachonuka ni pumzi ya kuvu inapoipika,
chungu kisicho moshi, ndani ya punje.

Wapagazi wananicheka. "Daktari wa magunia,"
ananiita Mbeleje, shati begani,
"hebu mpime na dalali, ananuka uongo."
Nacheka nao. Nachoma bambo, nakinga karanga,
nafunika, nasubiri.
Kijani. Kijani. Kijani.

Kisha magunia ya Sechelela wa Pandambili,
manne, yameshonwa kwa uzi wa katani,
mishono midogo ya mtu asiyetaka punje ipotee.
La kwanza, nyekundu.
La pili. Naona haya kurudia, narudia.
La tatu, nyekundu. La nne kijani, kwa shida.

Hapigi kelele. Anachota konzi moja,
anaisogeza puani, anafumba macho.
"Zinanukia," anasema. "Zinanukia karanga."
Na ni kweli. Nami nazinusa:
zinanukia kikaango cha nyumbani, jioni ya siku ya mnada.
"Nani atanilipa?"
Natazama kioo kana kwamba kitajibu.
Kinaonyesha betri, asilimia sitini na moja.
"Basi hicho chako," anasema, akifunga kanga upya,
"kina pua, hakina tumbo."

Sikumwambia habari za Nyemo.
Sikumwambia kwamba mwaka ule, kule Chemba,
mtoto wa dada yangu alianza na kichefuchefu,
tukasema ni embe bichi;
kisha macho yakawa manjano, tumbo likajaa,
tukasema amerogwa, tukamtafuta mrogaji,
tukamnyooshea kidole bibi wa watu, jirani,
ilhali mrogaji alikuwa ndani ya kihenge,
kimya, tukimsaga kila siku kwa ajili ya uji.
Yule bibi hatusalimu hadi leo. Ana haki.

Baada ya kila gunia, kifaa hupewa
sekunde tisini za hewa safi, iliyochujwa kwa mkaa,
kisahau. Ndivyo kilivyoundwa:
kisiposahau gunia lililopita, kitalisingizia lijalo.
Namba zinashuka, zinashuka,
pua nane zinarudi sifuri, changa, hazina kinyongo.

Namsaidia Sechelela kulikokota la tatu pembeni.
Zito. Hatusemezani.
Uwanja unanuka dizeli, jasho, mihogo ya kukaanga,
na kitu kingine ambacho hakuna aliyenifundisha jina lake.
Narudi kwenye kisanduku, nasubiri nacho
sekunde zangu tisini.
Chenyewe kimeshafika.
Kinawaka, kinalia mara moja, kinataka
gunia linalofuata.